Hukumu ya Dawa ya Kumtuliza Mwenye Ulemavu Anapotibiwa Meno

Sifa zote njema ni za Allaah, na Swalah na Salaam zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Wazazi wa watoto wenye usonji au mtindio wa ubongo hutuuliza: mtoto hakubali kufungua mdomo kwa daktari wa meno, na daktari ameshauri apewe dawa ya kumtuliza. Je, huko si kumlewesha?

Kwanza tufahamu kuwa hii si nusukaputi. Mgonjwa huvuta kwa pua hewa ya naitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni, au hupewa midazolamu kwa mdomo au kwa mshipa. Hutulia na kusinzia, lakini hupumua mwenyewe na huitikia akisemeshwa. Ganzi ya jino hupigwa kama kawaida.

Jawabu letu ni kuwa inajuzu, kwa sababu makusudio ni tiba, si starehe. Wanazuoni wa Kishafi, akiwemo Imaam an-Nawawiy, wameruhusu dawa ya kuondoa akili inapohitajika kukata kiungo kilichooza. Basi isiyoondoa fahamu yote ina haki zaidi ya kuruhusiwa. Na kuliacha jino lioze ni madhara: usaha huweza kuenea, na asiyeweza kusema huumia kimya.

Lakini yapo masharti. Atoaye dawa awe amefunzwa, asizidishe kipimo, na mgonjwa afuatiliwe pumzi na oksijeni mpaka azinduke vizuri.

Sharti jingine ni idhini, na hapa wengi hukosea. Asiyeweza kujiamulia, walii wake humwamulia kwa maslahi yake. Ama aliyebaleghe mwenye ulemavu wa mwili na akili yake timamu, huyo aulizwe mwenyewe, hata kama husema kwa shida. Kumnywesha dawa kwa hila ni kumdhulumu.

Kuhusu Swalah: kusinzia huku akisikia maneno hakutengui wudhuu, akipoteza fahamu, wudhuu umetenguka. Ni bora miadi ipangwe baada ya kuswali, na Swalah ikimpita ailipe. Asiye na akili timamu hana dhambi wala deni.

Tunawanasihi wazazi wasichelewe kuwatibu watoto wao kwa kuona haya au kuogopa haramu isiyokuwepo.

Na Allaah Anajua zaidi.