Mtoto Akionewa Mtandaoni, Usianze kwa Kumnyang'anya Simu

Shule zikifungwa, simu ambazo wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo darasani hurudi mikononi mwao, na makundi ya WhatsApp ya wanadarasa huamka. Mengi yanayoandikwa humo ni utani. Lakini picha ya msichana ikigeuzwa stika ya kuucheka mwili wake, na ikazungushwa kundini wiki nzima, huo ni uonevu. Ule wa uwanjani hukoma mtoto akifika nyumbani. Huu humfuata hadi kitandani.

Wengi hawasemi, na mara nyingi wanaogopa wazazi wenyewe. Mtoto anajua akifungua kinywa, simu itachukuliwa na lawama zitamwangukia yeye. Mzazi huona dalili tu: hali vizuri, halali, anashtuka simu ikilia, au hataki kurudi shule.

Akisema, msikilize hadi mwisho kabla ya kumuuliza alikuwa akitafuta nini mtandaoni. Asijibu matusi kwa matusi, wala asifute chochote. Hapa ndipo familia hukosea: ujumbe unafutwa kwa aibu, na ushahidi unapotea. Pigeni picha ya skrini inayoonyesha maneno, nambari ya simu au jina la akaunti, tarehe na saa. Baada ya hapo ndipo mripoti akaunti hiyo na kuizuia. Picha ya utupu ya mtoto ni suala tofauti kabisa: msiinakili wala kumtumia mtu yeyote, hata mwalimu. Pelekeni simu yenyewe polisi.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 27, inaharamisha kumhangaisha mtu mtandaoni. Adhabu ni faini isiyozidi Sh milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Hata hivyo, mara nyingi anayeonea naye ni mtoto, na kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kijinai. Kwa stika za darasani, basi, kikao cha mwalimu na wazazi wa pande zote mbili huenda kikafaa kuliko kituo cha polisi. Vitisho na kudaiwa pesa ili picha isisambazwe ni kazi ya polisi moja kwa moja.

Mtoto asiyeweza kuzungumza na mtu wa nyumbani anaweza kupiga 116, mchana au usiku. Simu hiyo hailipiwi, na mzazi pia anaweza kuipiga.