Aliyenyamaza Barazani Bado Ana Neno

Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui, mambo mazito ya jamii huamuliwa kwa mdomo. Chifu au msimamizi wa wadi huitisha baraza, watu hukusanyika, na maswali huanza: bwawa la mchanga lijengwe kwenye mto upi wa msimu, ndovu wanaotoka upande wa Tsavo wazuiwe vipi, basari zigawiwe kwa kigezo gani. Wanaosimama ndio wanaosikika. Wengine huandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria, kisha huhesabiwa kuwa wamekubali. Hesabu hiyo si sahihi, na inatugharimu. Wapo watu wengi, wake kwa waume, ambao hoja zao hutoka zikiwa kamili kwa kalamu lakini hukatikakatika zinapopitia kinywani. Si waoga, wala si watu wasio na la kusema. Mkutano unaotaka mdomo peke yake huwapoteza hivihivi, wakiwa wameketi mbele yake.

Tuitazame kazi yenyewe ya kusema. Anayezungumza mbele ya umati hufanya mambo manne kwa wakati mmoja: anatafuta hoja, anachagua maneno, anasoma nyuso za wanaomsikiliza, na anachunga asikatizwe kabla hajafika anakokwenda. Anayeandika huzifanya kazi hizo moja baada ya nyingine. Leo anamwaga mawazo yote, kesho anapanga lipi litangulie, kesho kutwa anafuta lile alilosema kwa hasira. Juu ya hayo kuna suala la zamu. Mwaka 1987 wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe, waliokuwa Tübingen, Ujerumani, walichunguza kwa nini watu wanaofikiri pamoja katika kikundi hutoa mawazo machache kuliko idadi ileile ya watu wanaofikiri kila mmoja peke yake. Walipima uvivu, wakapima hofu ya kuhukumiwa na wenzao, na wakakuta kwamba kikwazo kikubwa kilikuwa kungoja zamu. Mtu anapongoja mwenzake amalize, wazo lake hufifia, au huliona limepitwa, au hutumia nguvu zote kulikumbuka asiweze kuzaa jingine. Sasa chukua baraza la kawaida. Viongozi wakishamaliza salamu na hotuba, tuseme imebaki saa moja kwa wananchi. Kila mmoja akipewa dakika tano, ni watu kumi na wawili tu watakaosikika, hata kama waliohudhuria ni mia mbili. Karatasi haina foleni ya namna hiyo.

Lakini sababu haziishii kichwani mwa mtu. Nyingine zimo katika namna watu wanavyoishi pamoja. Kwa Wakamba, kama kwa jamii nyingi za Kenya, usemi wa hadharani una adabu zake. Nzama, baraza la wazee, lilikuwa na wenye haki ya kusema na wenye wajibu wa kusikiliza, na mabaki ya mpangilio huo yangali yanaonekana mkutanoni hata leo. Nthoni, ile heshima yenye haya inayotenganisha wakwe, humfanya mtu apime sana kabla ya kumpinga mkubwa wake mbele za watu. Mke wa mtu akiona kwamba kisima kinachopendekezwa na baba mkwe wake kitakuwa mbali na akina mama wanaobeba mitungi, afanyeje? Akisimama na kupinga, atakuwa amemfedhehesha mzee, na jambo hilo atarudi nalo nyumbani. Akiandika, hoja inafika bila ya uso kugongana na uso. Mtu mwenye kigugumizi naye anajua kuwa watu watasikiliza jinsi anavyosema badala ya anachosema. Halafu kuna lugha: nyumbani ni Kikamba, mkutano huendeshwa kwa Kikamba kilichochanganywa na Kiswahili, na hati inayojadiliwa imechapishwa kwa Kiingereza. Anayeandika hupata nafasi ya kuulizia neno, kulitafuta, hata kumpa mwanawe wa sekondari alisome kwanza. Anayesimama hana nafasi hiyo.

Kenya imewahi kulielewa jambo hili, na ikalitendea kazi. Mwaka 2002 Tume ya Kurekebisha Katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilizunguka majimbo yote 210 ya uchaguzi ya wakati huo ikikusanya maoni. Makamishna walikuwa wakianza vikao kwa kuwaeleza wananchi njia za kutoa maoni: unaweza kusema bila kuandika, unaweza kuleta waraka na kutaja mambo yake makuu kwa dakika chache, au unaweza kukabidhi waraka wako, ukaandikishwa, ukaenda zako bila kusema neno. Lugha ya mama iliruhusiwa, na mkalimani alikuwepo. Naona njia ile ya tatu ilikuwa na hekima kubwa kuliko ilivyosifiwa. Ilimpa mkulima aliyeandika kurasa mbili kwa mkono, usiku, kwa taa ya mafuta, hadhi sawa na mwanasiasa mwenye kipaza sauti, na maneno yake yakaingia katika kumbukumbu za taifa. Katiba iliyozaliwa miaka minane baadaye, mwaka 2010, inatoa katika kifungu cha 37 haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, na katika kifungu cha 196 inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu malalamiko yanayopelekwa Bungeni inakubali barua iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyeweza kutia saini huweka alama yake mbele ya shahidi. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ushirikishwaji wa umma si lazima uwe wa kusikilizana ana kwa ana. Maoni ya maandishi nayo ni ushirikishwaji. Mlango wa kisheria, basi, uko wazi. Uliofungwa ni wa mazoea.

Hata jirani yetu Makueni, aliyesifiwa sana enzi za Gavana Kivutha Kibwana kwa kuanzisha vikao vya wananchi kutoka kijijini hadi ngazi ya kaunti, amejenga mfumo wake juu ya mkutano. Ni mfumo mzuri, na sitaki uvunjwe. Ila kikao kikishuka hadi kijijini, ndipo mtu anapokaa karibu zaidi na mkwe wake, mwajiri wake na anayemdai.

Wapo watakaosema kwamba maandishi ni maficho. Mzee anayemtazama msemaji machoni hujua anayesema kweli na anayebabaisha, na karatasi haiulizwi swali ikajibu. Pingamizi hili ni la kale. Plato aliliweka kinywani mwa Socrates katika kitabu chake Phaedrus, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Lina uzito, na jibu lake ni utaratibu. Waraka utiwe saini, usomwe kwa sauti barazani, na aliyeuandika apewe maswali ayajibu, kwa maandishi ikiwa ndivyo anavyopenda. Na tusidhani macho hayadanganyiki. Mwenye ulimi laini amewahi kuwachukulia watu ardhi huku wakimpigia makofi, ilhali ahadi iliyoandikwa hurudiwa na kusomwa mbele yake miaka kumi baadaye.

Wengine husema kalamu ni ya wageni, Mkamba ni mtu wa mdomo. Historia haikubaliani nao. Injili ya Marko ilichapishwa kwa Kikamba mwaka 1850, kazi ya mmishonari Johann Ludwig Krapf. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alichapisha hadithi yake kwa Kikamba mwaka 1954, kabla ya vitabu vya Kiingereza vilivyomtangaza duniani. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwanyang'anya Wakamba wa Machakos mifugo, Muindi Mbingu na maelfu ya wenzake walitembea hadi Nairobi kudai gavana awasikilize, huku chama chao, Ukamba Members Association, kikiandika barua za malalamiko. Miguu na kalamu zilifanya kazi moja.

Pingamizi linalonisumbua kuliko yote ni la bibi ambaye hakusoma. Kalamu ikipandishwa cheo, yeye si atashushwa? Atashushwa, ikiwa karatasi itachukua nafasi ya mdomo. Ninachodai ni kwamba zisimame pamoja, na sheria tayari imeonyesha njia: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa amsaidie asiyeweza kuandika na kuyaweka maombi yake kwenye maandishi. Kama maneno ya mdomo yanaweza kugeuzwa maandishi kwa ajili ya bibi, maandishi nayo yanaweza kugeuzwa sauti kwa ajili ya mjukuu wake aliyenyamaza. Kijana huyo huonekana bubu barazani, lakini jioni huandika aya tatu zenye hoja kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na hakuna afisa anayezihesabu. Kuna pia hatari ya barua zilizonakiliwa, mia moja zenye maneno yaleyale, zimeandikwa na mtu mmoja. Hizo zipimwe kwa hoja zake, zisihesabiwe kama kura.

Kwa Mutomo hili halihitaji bajeti mpya. Tangazo la baraza libandikwe wiki moja kabla, kwa Kiswahili na Kikamba, likisema nini hasa kitaamuliwa na karatasi zipelekwe kwa nani. Nusu saa ya kwanza ya mkutano iwe ya kusoma zilizoletwa, kabla ya hotuba za viongozi, kwa sababu zikiachwa mwisho hazitasomwa. Kumbukumbu zionyeshe kila hoja iliyoandikwa na jibu ililopewa, hata kama jibu ni kwamba fedha hazitoshi. Na kumbukumbu hizo zibandikwe palepale lilipokuwa tangazo, ili aliyeandika akazisome kwa wakati wake na, akiona hakujibiwa, aandike tena.