Je, Jamii za Tanganyika Zingeweza Kuungana Kisiasa Kabla ya Ukoloni?

Swali hili huja kwa sura nyingi: "Jadili", "Je, unakubaliana na kauli hii", "Kwa nini jamii zilishindwa kuungana". Watahiniwa wengi hulimaliza kwa mstari mmoja, kwamba wazee wetu hawakuwa na umoja kwa sababu hawakuwa na elimu. Jibu hilo halina alama, na pia si kweli.

Anza na Msovero, ambayo leo ni kata ya Msowero wilayani Kilosa. Tarehe 29 Novemba 1884, Karl Peters, wakala wa chama cha Wajerumani waliotaka makoloni, alipata hapo alama ya Mangungo kwenye karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani. Kwa wiki chache tu alikusanya karatasi za namna hiyo Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Mtaani jina la Mangungo hutumika kumcheka kila anayesaini mkataba mbovu. Ukiingia chumba cha mtihani, kiache kicheko hicho mlangoni, ujiulize: siku ile Mangungo angeungana na nani?

Wasagara hawakuwa na mtawala mmoja. Kila eneo lilikuwa na mkuu wake, na Mangungo alikuwa mmojawapo tu. Kusini, ng'ambo ya milima unayoipanda ukitoka Mikumi kwenda Iringa, Wahehe chini ya Munyigumba, kisha Mkwawa, walikuwa wanajenga dola yenye nguvu kwa kuvamia majirani, Wasagara wakiwamo. Mashariki, Sultani Barghash wa Zanzibar alidai njia ya misafara kuwa yake, lakini askari wake bara walikuwa wachache. Alipoipinga mikataba ya Peters mwaka 1885, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Zanzibar mwezi Agosti, naye akanyamaza. Kwa Msagara wa 1884, basi, adui aliyemfahamu alikuwa Mhehe. Mjerumani alikuwa mgeni mwenye zawadi.

Hoja ya pili ni uchumi, na hapa ndipo wengi hupoteza alama. Biashara ya misafara iliwapa watawala hongo, bunduki na nguo, ila kila mmoja alivipata kivyake. Kuungana kungemaanisha mmoja apokee na wengine waache. Nani angekubali? Aliyefika mbali zaidi ni Mirambo wa Unyamwezi. Kwa jeshi la ruga-ruga aliunganisha himaya nyingi ndogo, na mwaka 1871 akaanza vita na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Lakini alifariki Desemba 1884, siku chache baada ya karatasi ya Msovero, na dola yake ikaanza kumeguka kwa sababu ilimtegemea yeye mwenyewe.

Usidhani Ulaya ilikuwa imeungana. Napoleon alijaribu kuiunganisha kwa mtutu, akaangushwa mwaka 1815. Ujerumani yenyewe ilikuwa dola moja tangu 1871 tu, baada ya Prussia kuipiga Austria na kisha Ufaransa. Mfaransa na Mjerumani hawakupendana hata kidogo. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kukaa mezani. Mkutano wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1884, Peters akiwa njiani kwenda Usagara, ukafungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaizari Wilhelm wa Kwanza akakipa chama cha Peters hati ya ulinzi. Hawakuhitaji serikali moja, bali kukubaliana tu nani achukue wapi.

Meza kama hiyo haikuwapo huku. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 akiwa peke yake. Isike wa Unyanyembe alianguka peke yake mwaka 1893. Na Kalenga ilipobomolewa Oktoba 1894, Wasangu wa Merere walikuwa upande wa Wajerumani, kwa kuwa Wahehe walikuwa wamewafukuza kwenye ardhi yao. Si usaliti wa kipumbavu. Walikuwa wanarudi kwao.

Kwa maoni yangu, muungano kamili kabla ya 1884 haukuwezekana (hata jina Tanganyika kama nchi lilitolewa na Waingereza mwaka 1920). Ushirikiano wa kijeshi ungewezekana, kama adui mmoja angeonekana na wote kwa wakati mmoja. Ushahidi ni Majimaji ya 1905 hadi 1907: kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa viliwakutanisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni, hata Wavidunda wa milima iliyo jirani na Mikumi. Wahehe, waliokwisha kuvunjwa nguvu, hawakujiunga. Lakini swali linasema "kabla ya ukoloni", kwa hiyo Majimaji ipe sentensi moja au mbili tu. Ukiifanya kuwa nusu ya insha, msahihishaji atahesabu umetoka nje ya swali.