Breki Hazitaki Upepo, Injini Haitaki Maji

Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini. Hewa itabanika, itakaidi kidogo, na ukirudia mara kadhaa pampu itapata joto mkononi. Ijaze maji usukume tena: mpini hauendi popote. Tofauti hiyo ndiyo inayoliendesha gari, na ndiyo inayolisimamisha. Vifaa ni vilevile, pistoni ndani ya silinda.

Injini inaishi kwa kubana hewa. Ya petroli kwa kawaida huibana mara 8 hadi 12. Ya dizeli hufika mara 14 hadi 22, hewa ikapita nyuzi 500 za Selsiasi, ndiyo maana nozeli ikinyunyiza tu, mafuta yanawaka bila plagi. Mjerumani Rudolf Diesel alilithibitisha hilo mjini Augsburg mwaka 1897.

Ringi zikilika au valvu isipokaa sawa, mgandamizo unavuja. Gari linasumbua kuwaka asubuhi na mlimani linakosa pumzi. Fundi makini hafungui injini kwa kusikiliza mlio peke yake. Anafunga geji kwenye tundu la plagi, anapiga stata, anasoma silinda moja baada ya nyingine. Iliyo dhaifu anaitilia oili kidogo, anapima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka, kwa sababu oili imeziba pengo lake. Kisipopanda, tafuta tatizo kwenye valvu au gaskiti ya silinda hedi. Fundi asiye na geji msalimie kwa heshima, ila funguo baki nazo.

Kwenye breki mambo yanageuka. Ukikanyaga pedeli, masta silinda inasukuma mafuta ya breki, nayo, kwa kuwa hayabaniki, yanafikisha nguvu ya mguu hadi kwenye pistoni ya kalipa, inayobana pedi kwenye disiki. Upepo ukiingia humo, pedeli inalainika: unabana upepo badala ya disiki.

Wengi wanajua upepo huingia bomba likivuja, au fundi asipoutoa vizuri baada ya kazi. Wasichojua ni kwamba mafuta yenyewe yanaweza kuuzaa. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu wa hewani, hata kama kifuniko kimefungwa. Viwango vinataka DOT 4 mpya isichemke chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kinachodaiwa ni nyuzi 155 tu. Sasa shuka mlima Kitonga mguu ukiwa juu ya breki muda wote, badala ya kuweka gia ndogo. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Pedeli inazama hadi sakafuni.

Ndiyo maana siku ya kubadilisha pedi ni siku ya kukaa karibu na fundi. Ili pedi mpya ziingie, lazima pistoni irudishwe ndani ya kalipa kwa klempu, polepole. Za nyuma kwenye magari mengi hazisukumwi tu, zinazungushwa. Mtazame kama anafungua nati ya kutolea upepo ili mafuta machafu yatoke, au anayarudisha yote juu hadi yanafurika na kula rangi ya bodi. Ukiona mpira wa vumbi umechanika, dai ubadilishwe, maana kutu ikiingia pistoni itakwama. Na mafuta yenyewe yabadilishwe walau kila baada ya miaka miwili, hata kama pedi bado nene.

Injini nayo ina balaa lake, na Dar es Salaam hulikuta msimu wa mvua, pale Jangwani inapojaa maji. Maji yakivutwa kupitia hewa klina, pistoni inapanda kubana kitu kisichobanika, konrodi inapinda. Gari likizimika ndani ya maji, usipige stata. Lisukumeni nje, fundi afungue plagi au nozeli, maji yatoke kwanza.