Akupancha: Kwa nini sindano ya begani inataka tahadhari

Mtu wa Mangapwani akiumwa bega, atachuliwa au kuumikwa. Wengine hujaribu akupancha, tiba ya sindano nyembamba kutoka China, nchi inayoleta madaktari Zanzibar tangu 1964. Sindano hizo hazina dawa ndani, lakini anayechoma lazima ajue kilichopo chini ya ngozi.

Hatari iko wapi?
Ncha ya pafu hupanda sentimita 2 hadi 3 juu ya mtulinga, yaani karibu na shingo. Kwa mtu mwembamba, pafu linaweza kuwa chini ya sentimita 2 kutoka kwenye ngozi. Sindano ikizama sana hulitoboa, hewa ikavuja kifuani na pafu likasinyaa. Hutokea mara chache, ila inaweza kuua.

Dalili
Kifua kuchoma ghafla, kikohozi kikavu, pumzi kukata. Zinaweza kuja saa kadhaa baadaye, ukiwa umeshafika nyumbani. Usisubiri asubuhi: nenda hospitali upigwe eksirei, na useme ulichomwa wapi.

Uliza kabla ya kuchomwa
- Umesomea wapi kazi hii?
- Sindano ni mpya, imefunguliwa mbele yangu?
- Begani utachoma kwa kina gani?

Akisita kujibu, vaa shati lako uondoke.