Mlingoti uliolalia tezi

Miaka kadhaa iliyopita nilitundika picha zangu kwenye maonyesho madogo Unguja. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya jahazi lililotweka tanga wakati wa machweo, rangi ya chungwa kila mahali. Mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha akasimama mbele yake kitambo, nami nikajiandaa kupokea sifa. "Mwanangu," akaniuliza, "chombo hiki kinakwenda au kinarudi?"

Mlingoti wa jahazi huinamia omo, yaani mbele. Wangu ulikuwa umelalia tezi, yaani nyuma.

Majahazi nimeyaona tangu utotoni. Rangi nazo nilizimudu. Kilichonitia aibu ni kwamba kwa karibu miaka mitatu sikuwa nimekaa na penseli mbele ya kitu chochote. Kila jahazi nililipata kwenye picha yangu iliyotangulia, na lile lilitoka kwenye picha ya kabla yake. Mlingoti ulisogea nyuma kidogo kidogo, na mimi wala sikugutuka.

Kiswahili kinatuita sote wachoraji, mwenye penseli na mwenye brashi, hata bingwa wa kumchora bi harusi hina. Pengine ndiyo sababu tunasahau kwamba ni kazi mbili. Huyo wa hina anaijua tofauti vizuri kuliko sisi: mstari wake haufutiki, kwa hiyo mkono wake hauachi mazoezi. Sisi wa brashi tukikosea tunapaka juu yake, tukidhani kosa limezikwa.

Ukishika brashi unajibu maswali matatu kwa mpigo: umbo likoje, mwanga na kivuli vimekaaje, rangi ni ipi. Rangi ndiyo yenye kelele, hivyo ndiyo inayosikilizwa. Nyekundu ya kanga na kijani cha jani la mgomba zinaweza kuwa na giza sawasawa, lakini jicho litaapa kwamba nyekundu inang'aa zaidi. Ukichora kwa mkaa, rangi haipo mezani. Unafinya macho, unaona giza na mwanga tu, na kama picha haisimami hapo, hakuna chungwa la machweo litakaloisimamisha. Halafu kuna suala la mfuko, ambalo walimu wa sanaa hawapendi kulitaja. Kanvasi ikiharibika inauma. Karatasi haiumi, ndiyo maana mtu huthubutu juu yake.

Baada ya maneno ya yule mzee nilishinda asubuhi kadhaa bandarini na daftari. Siku ya kwanza nilichora jahazi ninalolijua, siyo lililokuwa mbele yangu. Ndivyo akili ilivyo: ikishakuwa na jina la kitu, inaona tabu kukitazama. Dawa niliyoipata ilikuwa kuliacha jahazi lenyewe na kuchora mbingu, ule upenyo wa anga ulio kati ya mlingoti na tanga. Upenyo hauna jina, kwa hiyo akili haina la kunidanganya. Nilipoupatia, mlingoti ukajiinamia wenyewe kwenda mbele. Ndipo nikagundua na jambo jingine: foromali, ule mti unaobeba tanga, kwenye chombo kikubwa si mti mmoja. Ni miti iliyounganishwa na kufungwa kwa kamba, minene katikati na myembamba nchani. Kwenye picha zangu zote ilikuwa fimbo.

Zoezi jingine limo kwenye kitabu cha mwalimu wa Marekani, Kimon Nicolaïdes, kilichotoka mwaka 1941: macho yafuate ukingo wa kitu taratibu, penseli itembee pamoja nayo, na karatasi usiitazame kabisa. Matokeo huchekesha. Lakini zoezi hilo halifanywi ili upate picha.

Wanaodhani kuchora ni darasa la watoto wamwangalie Vincent van Gogh. Alipoamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, hakuikimbilia rangi. Alinakili michoro ya mafunzo ya Charles Bargue, akairudia, na miaka ya mwanzo akaitumia zaidi kwa penseli, mkaa na wino. Alipohamia Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1888, rangi zake zikiwa zimeshapamba moto, bado alikata matete ya huko akayachonga kalamu. Tete halibebi wino mwingi. Mstari hukatika mapema, hivyo mtu analazimika kuandika nukta, vistari na mikunjo mifupi. Zitazame nyasi na mashamba aliyoyapaka rangi mwaka huohuo: brashi inatembea kwa hatua zilezile za tete. Wakati mwingine aliichora upya kwa wino hata picha aliyokwisha kuipaka rangi, ampelekee ndugu yake au rafiki.

Wapo watakaoniambia kwamba Edward Saidi Tingatinga alifanya maajabu kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao, bila michoro ya bandarini. Sawa. Lakini itazameni kazi yake: mnyama amekaa juu ya rangi moja tulivu, na kinachombeba ni mzingo wa mwili wake. Huko ni kuchora, brashi ndiyo iliyokuwa penseli. Ninaowaonea huruma ni chui wa siku hizi kwenye vibanda vya picha, waliotolewa kwa chui wengine waliotolewa kwa wengine, hadi makucha yamekuwa maua. Sina haki ya kuwacheka, nilifanya vilevile na jahazi.

Picha za simu nazo zina hila zake. Simu ikisogezwa karibu na uso huvimbisha pua, na kivulini hufanya kila kitu kuwa weusi mmoja, wakati jicho lingeona rangi ya kahawia, ya samawati na hata zambarau. Mimi huipiga, kisha hukichora kitu chenyewe papo hapo, hata kwa dakika tano, ili nijue wapi inanidanganya.

Picha ile ya machweo ilinunuliwa wiki hiyohiyo na mtu aliyetaka kitu cha kuendana na makochi yake. Nilimweleza habari ya mlingoti. Akasema rangi ndiyo aliyoipenda.