Majani ya Mwarobaini na Tabasamu la Mwenzi Wako

Siyo siri, ukikaa meza moja na mtu, meno yake utayaona tu. Ndiyo maana Kijenge, kama mitaa mingine ya Arusha, ushauri wa bure haukosekani: tafuna majani ya mpera, sukutua na mwarobaini, achana na dawa za dukani. Je, wewe na mwenzi wako mshike lipi?

Mjue adui

Anaitwa Streptococcus mutans, bakteria aliyeelezwa na J. Kilian Clarke wa London mwaka 1924. Anaishi kwenye ukoga, ule utando unaonata kwenye meno. Ukinywa soda au chai ya sukari, naye anakula. Sukari anaigeuza asidi, na asidi ndiyo inayolimung'unya jino mpaka linatoboka.

Majani yanapimwaje?

Hukaushwa, husagwa na kulowekwa kwenye maji au spiriti. Bakteria wanaoteshwa kwenye kisahani cha maabara, kisha juu yake vinawekwa vikaratasi vilivyochovywa kwenye dawa hiyo. Kisahani kinalala kwenye joto la nyuzi 37, sawa na la mwili. Dawa ikiwa na nguvu, kesho yake unakuta duara tupu kuzunguka karatasi. Duara hilo linapimwa kwa milimita na kulinganishwa na la klorheksidini, dawa ya kusukutulia ya hospitali.

Mwarobaini na mpera vimetoa duara hilo katika maabara za nchi mbalimbali. Kumbe bibi hakuwa anabahatisha!

Ila usishangilie mapema. Mdomo si kisahani. Mate yanaizimua dawa ukaimeza, na ukoga unawakinga bakteria waliojificha ndani. Mswaki wa mti una nafuu kwa sababu unasugua pia, na Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake tangu miaka ya 1980. Jani peke yake halisugui kitu.

Na meno ya kahawia je?

Hapa ndipo wengi wetu tunaumia. Watu wengi waliokulia chini ya Mlima Meru wana meno ya kahawia kwa sababu ya floridi nyingi kwenye maji waliyokunywa utotoni, wakati meno yanajijenga. Siyo kuoza, siyo uchafu, wala haiambukizi. Hakuna jani litakaloitoa rangi hiyo, na kusugua kwa mchanga au mkaa kunalila jino tu. Kama mchumba wako anaziba mdomo kila akicheka, mwambie hivyo, kisha mwende wote kwa daktari wa meno, ana njia za kusaidia.

Cha kushangaza, floridi hiyohiyo, ikiwa kidogo kama ilivyo kwenye dawa ya meno, ndiyo inayoliimarisha jino lisitoboke.

Fanyeni hivi

Pigeni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Punguzeni sukari ya mara kwa mara. Mkipenda kusukutua na mwarobaini, iwe nyongeza, siyo mbadala, na mafuta yake msimpe mtoto mchanga, ni sumu kwake. Mwenye mtoto asilambe kijiko anachomlishia, kwani bakteria huhamia hapo.

Jino likiuma, usisubiri jani. Mshike mwenzio mkono, mwende hospitali.